Ramani Iko Wapi?



Wapendwa wasomaji, wale waliozoea kukuta hapa tafakari ya masomo ya Dominika watatuwia radhi. Juma hili tumeshindwa kuandika juu ya jambo jingine lolote isipokuwa ukuta mmoja wa nyumba ya tofali mbichi, na yale ambayo ukuta huo umetulazimisha kuyasoma usiku katika vitabu vya sheria badala ya breviari. (Breviari tuliisali pia, asiwepo wa kutushitaki kwa Baba Askofu.)

Ilikuwa hivi. Baada ya Misa katika kigango kimojawapo kilicho kando ya barabara kuu, alitujia bibi mmoja ambaye mwaka wake wa kuzaliwa haujui sawasawa, lakini kwa hesabu ya wanawe na wajukuu umri wake haupungui miaka themanini. Akatushika mkono, akasema, "Baba, njoo unisomee ukuta wangu."

Tulimfuata. Chini ya dirisha palikuwa pamechorwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na pembeni yake namba. Karatasi hakuachiwa. Wachoraji walipita asubuhi yeye akiwa shambani, wakamkuta mjukuu wa darasa la tatu, wakamwachia neno moja tu la kumfikishia bibi yake: ajiandae. Ajiandae kwa lipi, kufikia lini, na ahamie wapi, mtoto hakuambiwa, wala hatudhani kwamba angethubutu kuuliza.

Tuliazima tepu ya fundi mwashi aliyekuwa jirani, tukapima kutoka katikati ya barabara hadi ukutani. Tukapata mita 26 na nusu.

Yafaa tueleze kwa nini kipimo hicho kilitunyima usingizi. Kwa miaka mingi hifadhi ya barabara kuu katika nchi yetu ilihesabiwa kuwa mita 22 na nusu kila upande, ukipima toka katikati. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi hiyo ikawa mita 30 kila upande. Basi kati ya kipimo cha kale na kipimo kipya pana ukanda wa mita 7 na nusu, upana wa vyumba viwili vya nyumba ya kawaida, na ndani ya ukanda huo wanaishi Watanzania wengi mno. Aliyejenga humo kabla sheria haijabadilika hakuvunja sheria yoyote. Ndipo ulipozuka ule usemi ambao sasa hata watoto wanaujua, kwamba yuko mtu aliyeifuata barabara na yuko mtu aliyefuatwa na barabara. Na ndipo ilipotoka desturi ya rangi mbili: nyekundu kwa yule asiyestahili fidia, kijani kwa yule anayestahili.

Ukuta wa bibi una rangi nyekundu.

Tulimwuliza alifika lini mahali pale. Akajibu bila kusita: mwaka ule wa Operesheni. Vijana wanaosoma ukurasa huu pengine hawalijui neno hilo kama wanavyolijua wazazi wao. Mnamo tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini pamoja si hiari tena, ni amri, na ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kazi hiyo iwe imekamilika. Watu walipakiwa kwenye malori pamoja na vyungu na kuku wao, na katika sehemu nyingi za nchi vijiji vikapangwa kandokando ya barabara ili shule, zahanati na maji viwafikie kwa urahisi. Bibi huyu alikuwa mama kijana mwenye watoto wawili. Nyumba yake ya awali, upande wa porini, iliezuliwa paa mbele ya macho yake ili asirudi. Akaonyeshwa kiwanja, akaambiwa, hapa ndipo kwako. Mwaka uliofuata alipanda mwembe. Mwembe huo upo, na kivuli chake ndicho tulichokalia tukipima.

Kwa hiyo mama huyu hakuifuata barabara, wala hatuwezi kusema kwa unyofu kwamba barabara ndiyo iliyomfuata. Aliletwa barabarani na serikali, na sasa serikali inamwambia kwamba yuko barabarani.

Hatuandiki haya ili kumhukumu mtu. Inawezekana kabisa kwamba kijana mwenye brashi alikosea ndoo, na kosa la ndoo husahihishwa kwa ndoo nyingine. Lakini ili kosa lisahihishwe lazima pawepo mahali pa kulisemea. Tulikwenda naye ofisi ya kwanza, tukaelekezwa ya pili. Ya pili ikasema ramani iko ya tatu. Ya tatu ilikuwa imefungwa, mhusika yuko kwenye semina. Sisi tuna pikipiki, tuna elimu, na tuna kola nyeupe shingoni ambayo bado hufungua milango katika nchi hii. Bibi ana fimbo. Tulijiuliza angefika wapi peke yake, na jibu lilitufanya tuone haya.

Tungependa kueleweka vizuri, maana jambo hili hupotoshwa upesi. Hatusemi kwamba sheria za mipango na za mazingira ni mbaya. Anayedhani hivyo na aje akae nasi mwezi mmoja hapa Nyakanazi. Mahali hapa hukutana barabara itokayo Kahama kwenda Rusumo na ile itokayo Kigoma kupitia Kakonko. Wapo madereva wanaokumbuka enzi ambazo magari yalikusanywa na kusindikizwa na polisi wenye bunduki kwa sababu ya majambazi wa msituni, na hakuna aliyetaka kulala njiani. Leo watu hulala kwa mamia. Malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo huegeshwa safu kwa safu. Nyumba za wageni, gereji, vituo vya mafuta na vibanda vya mama lishe vimeota kama uyoga baada ya mvua. Umeme wa msongo wa kilovolti 220 umefika kutoka Geita, na kituo cha kupozea umeme kimejengwa. Kiwanja ambacho mwanzoni mwa karne hii kingeweza kubadilishwa na mbuzi wawili, leo ukitaja bei yake watu wanakaa kimya kwanza.

Na katika kukua kote huko, mtaa umefuata nyumba badala ya nyumba kufuata mtaa. Gari la zima moto, tukijaliwa siku moja kulipata, halitapita katika vichochoro vyetu. Oili chafu ya malori humwagwa chini penye gereji, mvua huisomba, nayo hushuka bondeni ambako akina mama huchota maji ya kumwagilia mchicha ambao sisi sote tunaula. Mji wa namna hii unahitaji sheria kama mgonjwa anavyohitaji dawa. Swali letu ni juu ya mganga: anatibu lini, anaanza na nani, na kwa nini mgonjwa haonyeshwi cheti.

Sheria zenyewe zipo, tena si chache. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 ilichukua nafasi ya ile ya kikoloni ya mwaka 1956. Kwa sheria hiyo, halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji katika eneo lake, na wananchi wanapaswa kujulishwa na kusikilizwa mpango unapoandaliwa. Mwaka huohuo ikatungwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6, inayohusu pia vijiji. Kabla ya hizo kulikuwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, ambayo kifungu chake cha 57 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Katiba nayo, ibara ya 24, inakataza mtu kunyang'anywa mali yake pasipo idhini ya sheria yenye masharti ya fidia ya haki. Hakuna hata moja kati ya hizi inayosema kwamba mwananchi atajulishwa kwa brashi kupitia mtoto wa darasa la tatu.

Tuseme wazi linalotusumbua. Katika nchi yetu sheria za ardhi na mazingira hulala usingizi miaka kumi au ishirini, kisha huamka siku moja na kuitwa operesheni. Wakati zimelala, mtu huuziwa kiwanja mbele ya mwenyekiti na mashahidi, hulipa asilimia ya kijiji, hujenga, huwekewa nguzo ya umeme, hupewa mita. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo yapo majengo yenye alama nyekundu ukutani ambayo kila mwezi yanalipa kodi kwa serikali ile ile. Tunajua jibu la wanasheria, kwamba kulipa kodi hakuhalalishi kosa. Sawa. Lakini mkulima wa kawaida akiona serikali inapokea fedha yake juu ya nyumba ile, anajiona ametambuliwa, na hatuoni kwamba ni mjinga kwa kudhani hivyo. Ukimya wa mwenye mamlaka nao una kauli yake. Mzazi anayemwona mtoto akichezea wembe kutwa nzima bila kusema neno, kisha jioni akamchapa kwa kujikata, hatumwiti mzazi mkali. Tuna jina jingine kwake.

Haya si mageni, wala si ya Biharamulo na Ngara peke yake. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya arobaini, na baadhi ya wakazi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Miaka minne ikapita, mabonde yakajaa tena watu, mchana kweupe, si usiku. Desemba 2015 matingatinga yakashuka bonde la Msimbazi kubomoa. Nani alikuwa zamu katika miaka ile minne? Mwaka 2017 ikawa zamu ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kibaha, ambako hifadhi ya barabara ilipimwa zaidi ya mita 120 kila upande kwa hoja ya sheria za enzi za Mwingereza, na mamia ya nyumba zikaenda chini, zikiwamo zenye hati. Kwa haki tuongeze kwamba mwaka huohuo, mwezi Novemba, Rais Magufuli aliagiza hata jengo la makao makuu ya TANESCO pale Ubungo liwekewe alama ya X kwa sehemu iliyoingia barabarani. Wengi walishangilia. Nasi tulishangilia, maana ni nadra sana tepu kupima kuta za wakubwa. Hata hivyo TANESCO ilikuwa na pa kwenda.

Jirani zetu Wakenya nao wameyaona. Mwaka 2018 Nairobi ilibomoa majengo makubwa ya maduka yaliyojengwa juu ya kingo za mito, na wenye majengo walikuwa na vibali vyao mkononi. Mei 2024, baada ya mafuriko, wakaondolewa maskini wa Mathare na Mukuru. Tajiri aliyebomolewa alikwenda mahakamani na mawakili. Maskini alikwenda kulala darasani.

Kisa kimoja hutuchekesha mpaka leo, ingawa kina uchungu ndani yake. Juni 2018 maafisa wa uvuvi waliingia katika mgahawa wa Bunge, Dodoma, wakapima kwa rula samaki waliokwisha kaangwa, wakakuta wako chini ya kipimo, wakatoza faini. Bunge zima likaja juu. Rula hiyohiyo ilikuwa imeshapita katika mialo ya Ziwa Victoria kwa miezi mingi, nyavu zimechomwa, na watu wamelia, lakini kilio cha mwaloni hakikusikika mpaka rula ilipofika mezani pa wenye kusikika. Hatusemi samaki wachanga wavuliwe. Tunasema tu kwamba sheria huanza kufikiriwa upya pale inapomgusa mtu mwenye kipaza sauti.

Kwetu huku operesheni zimekuwa za misitu na hifadhi kuliko za miji. Wazee wa Ngara hawajasahau siku za mwisho wa Aprili 1994, watu wapatao 250,000, kwa hesabu zilizotolewa wakati ule, walipovuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi. Benaco ikawa jiji la turubai. Kwa muda wa miezi michache vilima vilibaki uchi, kwa kuwa kila familia ilihitaji kuni za kupikia mahindi na maharage ya msaada. Hawakuwa watu waovu. Walikuwa na njaa na sufuria. Tunalikumbuka hilo kila tunaposikia mkata mkaa akiitwa adui wa taifa. Kisha mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yakaunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 4,700, na mipaka ambayo zamani ilikuwa maneno tu ikawa na walinzi. Mwaka huohuo, mwezi Januari, Rais alisimamisha kuondolewa kwa vijiji vilivyomo katika maeneo ya hifadhi nchini, na baadaye ikatangazwa kwamba vijiji 920 kati ya 975 vibaki. Tulifurahi kwa ajili ya vijiji hivyo. Lakini tulijiuliza: ikiwa vijiji zaidi ya mia tisa vingeweza kuhalalishwa kwa uamuzi mmoja, basi wale waliochomewa maboma kabla ya Januari ile walikuwa na kosa gani zaidi ya kufikiwa mapema?

Na mkaa. Tazameni magunia yaliyopangwa kandokando ya barabara, yamejazwa lumbesa mpaka yamevaa kofia ya majani. Mkaa wenye kibali hulipiwa tozo za serikali. Usio na kibali hulipiwa kwa njia nyingine, ambazo msomaji anazijua nasi hatuna haja ya kuzitaja. Mkata mkaa hukamatwa na baiskeli yake; lori lenye magunia mia hufika mjini. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, ili ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilitakiwa kuacha hata kabla ya hapo, mwisho wa Januari 2024. Ni mpango mwema, na Baba Mtakatifu Fransisko, aliyetutoka Aprili 2025, angeufurahia. Waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 ulikataa kutenganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini. Sisi mapadre tumeuhubiri sana waraka huo. Basi tukitaka kuwa wakweli, twende kwanza nyuma ya majiko ya shule na nyumba zetu za malezi, tuhesabu magogo yaliyorundikwa hapo.

Tunataja hayo kwa sababu hatutaki kujifanya watakatifu wa jambo hili. Miaka mitatu iliyopita tulijenga vyoo vya kigango hichohicho ambacho bibi husali. Kamati ilichagua mahali kwa sababu udongo ulikuwa laini na michango ilikuwa midogo. Mahali penyewe panashuka kuelekea kijito. Hakuna aliyeomba kibali, hakuna aliyepima, na afisa yeyote wa serikali aliyepita njia ile alitusalimu kwa heshima, "Tumsifu Yesu Kristo, Baba," akaenda zake. Hakuna aliyechora X kwenye choo cha kanisa. Tuliihesabu hiyo kuwa baraka. Leo tunaiona kwa jicho jingine: heshima ile ndiyo hasa inayowaangukia wengine kama jiwe, maana afisa asiyeweza kumwambia padri kwamba amekosea atatafuta mtu mwingine wa kumwambia.

Tumezungumza pia na watumishi wa serikali, na tungewadhulumu tusipoeleza upande wao. Kijana mmoja aliyesomea mipango miji alitueleza kwamba wilaya nzima inamtegemea yeye na wenzake wachache, na gari la idara ni la kuazima. Akichora mpango, fedha ya kupima viwanja haipo. Akizuia ujenzi, hupigiwa simu na mtu ambaye hawezi kumkatalia. Na unapokaribia uchaguzi, hakuna anayetaka kusikia neno kubomoa. Uchaguzi ukiisha, huamriwa kufanya kwa wiki mbili kazi ambayo angeifanya kwa upole kwa miaka mitano. "Padri," alisema, "nasi tunaishi kwa operesheni." Tulimhurumia. Lakini huruma yetu kwake haimrudishii bibi ukuta.

Sheria ya mwaka 2004 ilikuwa na wazo jema ambalo limeachwa kutu. Pamoja na afisa mazingira wa halmashauri, iliweka kamati za mazingira hadi ngazi ya kata na kijiji, yaani majirani wenyewe, wanaokuona ukianza kuchimba msingi na wanaoweza kukwambia siku hiyohiyo, "Ndugu, rudi nyuma hatua ishirini," wakati kosa bado ni shimo tu na halijawa nyumba ya watoto sita. Tuliuliza katika vijiji vitatu vya parokia yetu. Katika kimoja kamati ipo na hukutana. Katika cha pili orodha ya majina ilipatikana kabatini, na wawili kati ya walioandikwa tulikwisha kuwazika. Katika cha tatu mwenyekiti alicheka kwa wema, akatukaribisha chai.

Waumini wetu Wasukuma, waliohamia huku na mifugo yao na ambao kila ubaya wa misitu hubebeshwa wao, wanajua kwamba mambo yanaweza kwenda vinginevyo. Kule Shinyanga, mkoa uliokuwa umebaki vumbi, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulianza mwaka 1986. Badala ya kuwafukuza wafugaji, waliulizwa juu ya ngitili, desturi yao ya kale ya kufunga malisho ili nyasi na miti vipumzike. Ngitili zikarudishwa, sheria zake zikatungwa na watu wenyewe na kusimamiwa na sungusungu na mabaraza yao, na kwa miaka isiyofika ishirini zaidi ya hekta laki tatu zilifunikwa tena na miti na majani. Sheria iliyosimamiwa pale ilikuwa na meno: aliyelisha ndani ya ngitili ya mwenzake alitozwa. Tofauti ni kwamba kila mtu aliujua mpaka kabla hajauvuka.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye swali letu la ramani. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, shamba la mizabibu la Nabothi halikuporwa kwa upanga. Ziliandikwa barua zenye muhuri wa mfalme, wazee wa mji wakaitwa, mashahidi wawili wakapatikana kama sheria ilivyotaka. Utaratibu wote ulifuatwa. Kilichokosekana ni nafasi ya Nabothi kusema, na mtu mmoja katika baraza lile wa kuuliza. Hatumfananishi mtumishi yeyote wa serikali na Ahabu. Wengi ni waamini wenzetu, na baadhi tumewabatizia watoto. Tunawaomba tu wasikae katika baraza wakanyamaza.

Maombi yetu kwao si makubwa. Ramani ya mpango wa mji, hata kama ni rasimu, ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, palipo na kivuli, yenye kuonyesha barabara, kijito na nyumba, ili mtu aiguse kwa kidole na kusema, mimi niko hapa. Tarehe ya kupokea malalamiko iandikwe chini yake. Anayewekewa alama apewe karatasi yenye kipimo, kifungu cha sheria na jina la aliyepima. Wanapoanza kusafisha bonde, waanze na gereji zimwagazo oili kabla ya bustani za mchicha. Na mwenye choo cha kanisa asisalimiwe tu.

Tepu ya fundi tuliiazima tena Jumatano, tukashuka nayo bondeni pamoja na wajumbe wawili wa halmashauri ya walei. Kutoka ukuta wa choo chetu hadi ukingo wa kijito ni mita 41. Imekubaliwa kwamba mashimo mapya yachimbwe upande wa juu, nyuma ya sakristia, mvua zitakapopungua, na ya zamani yafukiwe. Michango inapokelewa kwa katekista, naye atatoa risiti. Barua ya bibi, pamoja na mchoro tulioutengeneza kwa rula na kalamu, imepokelewa Ijumaa na kugongwa muhuri. Nakala tunayo. Tumemwambia aendelee kuumwagilia mwembe.